Viatu vya Mbao vya Buyenzi

Nikikumbuka ujinga huu, mwili bado unanisisimka. Wakati wa vita nilifika Bujumbura kutoka Kigoma, nikaona hoteli ya mjini ni hatari, afadhali mtaa wa Buyenzi, kwa Waislamu wenzangu. Mama mwenye nyumba, kipofu, akasema, "Vyumba ya wageni iko kushoto, chagua."

Mjanja mimi nikachagua cha kulia, kilichotandikwa vizuri, chenye viatu vya mbao mlangoni. Adhuhuri nikavivaa kwenda kutawadha uani: ko, ko, ko. Majirani wakageuka kunitazama. Mama akainuka, akaufuata mlio wa viatu.

"Saidi! Mutoto yangu, askari wamekuachilia?"

Mdomo wangu, uliozoea kuitikia wakubwa, ukasema, "Naam, mama."

Akanipapasa uso. Vidole vikasimama kidevuni.

"Saidi hana ndevu. We ni nani?"