Ndevu za Wamama wa Ngungu

Nilipokuwa mutoto pale Ngungu, niliamini kabisa kwamba mwanamuke akiingia kundi la wamama la siasa anaota ndevu. Usicheke, rafiki. Jirani wetu, muuza pombe ya ndizi, alituapia kwamba wanazinyoa kabla ya jogoo kuwika, na kwamba polepole mama anageuka papa, mwanaume kabisa, hajui tena kupika wala kubembeleza mutoto.

Sasa Jumamosi moja Mama akaniachia maharagi ya kuchambua, akatoa koti ya Papa kwenye musumari, akaificha ndani ya kitenge, akaenda kwa mama muzalisha, yule aliyetupokea duniani karibu kijiji kizima. Kundi lilikutana jikoni kwake. Nikamufuata katika ukungu mzito ule wa kwetu, ungeweza kuufunga kamba kama ndama.

Nikachungulia katikati ya mbao. Mama wangu amekaa kwenye kiti, koti mwilini, kofia kichwani, na juu ya mudomo, mustashi mweusi!

"Mwanamuke, nani alikupatia ruhusa ya kusimama?" akauliza kwa sauti nene.

Mama muzalisha alikuwa amesimama, magoti yakigongana. "Chefu, tuko tunaomba ile bariere, ile miti waliyofungia njia, itoke mu njia ya mashamba. Wale wa bunduki wanatunyanganya vyakula, na mabinti wetu wanaogopa kupita."

"Sauti uliiacha mu chungu? Anza tena!"

Wakacheka wote. Mimi nilikimbia, nafikiri nilifika Walikale kule mbali nikarudi. Jioni nilikula sombe yake ya majani ya muhogo nikichungulia kidevu chake. Ilikuwa tamu bado, na harufu ya moshi na mawese. Nikajiambia: hajamaliza kugeuka.

Ikafika siku ya mukutano kwa chefu wa kijiji. Watu walijaa uwanjani, na wale wa bunduki walikaa mbele, kwenye viti vya wageni. Mama akasimama. Bila koti, bila kofia. Mumoja wao akakoki bunduki, ikalia "kwa!", na hata mbuzi, nakuapia, walinyamaza. Ndevu zote zilitoka katika kichwa changu. Niliogopa kitu kimoja tu: asikae tena chini akiwa muzima. Mama akasema maneno yote, ya bariere, ya mashamba, ya mabinti, kwa sauti yake ndogo ile ya kuniita kula. Halafu akakaa. Alinishika mukono mpaka nyumbani, na mukono wake ulikuwa baridi kama mawe ya muto.

Bariere haikuondoka. Kabla ya mavuno tulikimbia sisi wote, kundi likatawanyika, wengine Kirolirwe, wengine upande wa Ntoto. Juzi nilipita pale. Jiko la mama muzalisha limekuwa shamba la viazi, na watoto niliowauliza hawakujua kwamba wamama waliwahi kukutana hapo.

Nikarudi kwa Mama, mimi muntu muzima mwenye diploma ya shule ya usiku, nikamuuliza mwishowe: zile ndevu je?

"Ndevu gani? Ilikuwa makala, mukaa wa jikoni tu," akasema, akiendelea kumenya viazi. "Mumoja alikuwa anajifanya chefu, wengine wanazoea kuongea. Kutetemeka haikuishaka hata siku moja. Tulizoeaka tu kuongea tukiwa nayo."