Blanketi la Ng'ambo

Kiongozi wetu wa ushonaji, hapa katika chumba cha chini ya kanisa, hukata uzi kwa meno ingawa mkasi unaning'inia shingoni mwake. Akishafunga fundo hulipigapiga taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Kila vuli mablanketi yetu ya viraka huenda ng'ambo, lakini mwaka huu mwenzetu Solveig alipinga.

"Jamani, tuanze na wetu! Akina Tollefson wameunguliwa na nyumba."

"Tumeshaahidi watu, dada," kiongozi akamjibu. "Huko nako kuna baridi."

"Huko kuna jua, mama!"

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika, lakini kiongozi hakutikisika.

Jumapili ya kuyabariki mablanketi tuliyatandaza juu ya viti vya kanisa. Mtoto wa Tollefson akaliburuta moja chini, lile nililolishona kwa mashati ya marehemu mume wangu, akajiviringisha ndani yake, akasinzia. Nikanyoosha mkono kulichukua, maana mashati ya nyumba yetu hayajawahi kulala sakafuni. Kiongozi alikwisha kupiga magoti, anampigapiga mtoto taratibu.

"Hili limepata mwenyewe," akasema.

Kesho yake nilimkuta anakata kitambaa kipya. "La ng'ambo, badala ya lile," akaniambia kabla sijauliza. Nikarudi nyumbani kuleta mashati yaliyobaki.