Fundi wa mota na siku mji ulipoacha umeme wa aina mbili

Saa moja na nusu asubuhi. Katika kibanda cha pampu nyuma ya kituo cha wazazi, mwanamke wa miaka hamsini na sita analaza kiganja juu ya mota, kama mama anayepima homa ya mtoto. Anasikiliza. Bomba linaguna, kisha maji yanaanza kuanguka ndani ya tangi lililo juu ya paa.

"Haina joto," anasema. "Mungu ashukuriwe."

Wengi humwita Mama Koili. Kazi yake ni kusuka mota zilizoungua: anatoa nyaya kuukuu, anazungusha mpya kwa mkono ziwe koili. Wapo waliowahi kumletea mabinti wao wasukwe nywele.

"Nawaambia kaeni tu, ila nywele zangu mimi ni za shaba," anacheka.

Kazi alifundishwa na mjomba wake, miaka thelathini na moja iliyopita. Wakati huo mji ulikuwa na umeme wa aina mbili. Upande wa juu ulitumia umeme wa kiwanda cha zamani, volti mia na kumi. Upande wa chini ulipata wa serikali, volti mia mbili na arobaini. Katikati ni barabara moja tu ya lami. Mtu akihama na redio yake, akavuka bila kuuliza, jioni hiyohiyo alikuwa na boksi la moshi.

Mjomba akaweka sheria: mota haitoki karakana bila rangi. Nyekundu ni ya juu, kijani ni ya chini.

"Alisema asiyejua kusoma anajua rangi. Na anayejua kusoma, hasomi."

Mwaka huu shirika la umeme lilitangaza kwamba nchi nzima itatumia umeme wa aina moja, ule wa chini. Vifaa vidogo vya upande wa juu viliwekewa transfoma. Mota zikapelekwa kwa mafundi zisukwe upya. Mama Koili alisuka sitini na mbili kwa miezi minne. Ya mwisho ilikuwa ya pampu hii.

Siku ya kubadili, umeme mpya uliwashwa saa mbili asubuhi. Mota ikanguruma vizuri. Tangi la juu halikupata hata tone.

"Fundi, mota yako inaimba kwaya, lakini maji hayapandi," muuguzi mkuu alimwambia.

Wodini walikuwamo wajawazito saba, mmoja wao binti yake Mama Koili mwenyewe, na uchungu ulikuwa umeshaanza. Wahudumu walikuwa wakichota kwa ndoo kutoka tangi la chini. Muuguzi hakuficha: maji yasipopanda kabla ya giza, wote watahamishiwa hospitali ya mbali, mwendo wa saa mbili kwa gari.

"Binti yangu anaita dirishani, 'Mama, bado tu?' Namwambia bado kidogo, mwanangu. Na wala sijui tatizo liko wapi!"

Alifungua, akafunga. Koili nzima, pampu nzima. Akabaki na sala tu.

Jibu lilikuwa ukutani. Muuguzi alitazama saa ya umeme ya wodini, akasonya.

"Na hii nayo imekufa. Saa hizi ni saa nane, yenyewe inasema saa saba."

Mama Koili akasimama. Tangu umeme mpya uwashwe zilikuwa zimepita saa sita. Saa ya ukutani ilikuwa imehesabu tano.

"Hapo nikajiona mjinga. Umeme una mapigo, kama moyo. Wa kiwanda ulipiga mara sitini kwa sekunde, huu unapiga hamsini. Miaka yote nilirudisha kila mota kwenye umeme wake uleule, mapigo hayakunihusu. Nikashika volti, nikasahau moyo. Saa imepunguza mwendo, na mota yangu vilevile. Pampu inazunguka kivivu, itasukumaje maji hadi juu?"

Mota hii huzungusha pampu kwa mkanda, unaopita kwenye kigurudumu cha chuma kiitwacho puli. Puli ya mota ilikuwa ya inchi tano; ikiwa kubwa zaidi, mkanda hukimbia zaidi na pampu huongeza mwendo. Akaichomoa, akakimbia nayo kwa mkereza vyuma.

"Shemeji, nichongee ya inchi sita."

"Njoo kesho."

"Kesho mjukuu wangu atakuwa ameshazaliwa hajaogeshwa. Washa mashine!"

Saa kumi na moja jioni maji yalipanda. Mjukuu, wa kike, alifika saa moja baadaye, palepale kituoni.

"Nilisikia bomba la wodini likimwagika, nikakaa sakafuni nikalia. Niliona kama nimetuliwa gunia."

Kesho yake alianza kuwapitia wateja wake, nyumba kwa nyumba. Mota kumi na tisa zilihitaji puli mpya. "Kosa langu, miguu yangu," anasema.

Mwezi ujao ni zamu ya mji wa jirani kubadilishiwa umeme. Ameomba akazungumze na mafundi wa huko, na ile puli ya inchi tano ameshaifunga kwenye kitambaa aende nayo. "Neno la kwanza nitawaambia, tazameni saa ya ukutani."

Na kopo la rangi nyekundu? Limebaki nusu. Amempa binti yake apake kitanda cha mtoto.