Bastola ya Nyumba ya Wanawake

Wezi walichukua ng'ombe wangu kumi na mmoja mchana kweupe, wakiwa malishoni, na kesho yake shemeji yangu akaja kuchukua waliobaki. Yeye alisema anakuja kuwatunza tu, kwa kuwa nyumba isiyo na mwanaume haiwezi kulinda zizi. Nilimpikia uji, akanywa, nikamwambia ng'ombe hawaendi popote.

Nilikuwa mjane wa miaka mitatu. Marehemu aliniachia mabinti, wote wameolewa, na hakuna mtoto wa kiume. Kwa hiyo nilifanya kile ambacho mila yetu sisi Wakurya inamruhusu mwanamke wa namna yangu: nilitoa ng'ombe wa mahari, nikaoa mke, ili watoto atakaozaa wawe wa jina la mume wangu. Nyumba hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Mke wangu alikuwa msichana mchapakazi, asiye na maneno mengi, aliyeniita mama, na tayari alikuwa na mtoto mgongoni. Tulihamishiwa wote katika kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kandokando ya barabara, tukaambiwa kwamba tukikaa karibu tutalindana. Siku ya wizi nilipiga yowe mpaka sauti ikakauka. Watu walikuwa kwenye shamba la kijiji. Hakuna aliyeweka jembe chini.

"Nitanunua bastola," nilimwambia shemeji.

Alicheka mpaka uji ukampalia.

Polisi hawakupokei bila barua ya kijiji. Mwenyekiti wetu alinikatalia mara mbili, akisema silaha kijijini ni za mgambo, na kwamba mwanamke mwenye bastola ataleta aibu. Mara ya tatu nilikwenda na kigoda changu, nikakaa mlangoni pa ofisi yake tangu asubuhi. Watu waliokuja kuulizia mgao wa sukari walilazimika kuniruka. Alasiri aliandika barua bila kuniangalia. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimehitimu kisomo cha watu wazima, kwa hiyo niliisoma palepale: mimi ni mwanakijiji mwema, ila mkaidi. Nikaikunja nikaenda nayo Tarime.

Kituoni afisa wa silaha aliniuliza nani ataitumia bastola hiyo. Nikasema mimi.

"Mume wako yuko wapi?"

"Amekufa. Ng'ombe wake hawajafa."

Alichukua karatasi, akaandika kibali cha kununua bastola moja, kwa sharti kwamba nikishaipata nimpelekee aikague, kisha nipige shabaha mbele yake.

Muuzaji nilikuwa nimeshamsikia. Alikuwa mzee wa Kiislamu pale Nyamisangura, mtu wa asili ya pwani, aliyekuwa na duka la nguo mpaka maduka ya watu binafsi yalipobanwa. Sasa alikuwa anafunga mizigo arudi Tanga kwa ndugu zake, na bastola hakutaka kusafiri nayo. Nilimwamkia shikamoo, akanikaribisha barazani, akamwita mkewe alete chai. Alisema aliinunua kwa halali kwa mzungu mmoja wa mgodini, zamani, na leseni yake akanionyesha.

Ilikuwa bastola ya matundu sita, nzito, inayokunjika katikati. Mume wangu alipigana Burma, na alipenda kueleza vitu vya jeshi kuliko kueleza vita vyenyewe, kwa hiyo nilijua pa kutazama. Niliikunja, nikahakikisha haina kitu, nikachungulia mtutu kwa kuuelekeza kwenye mwanga. Ndani palikuwa na michirizi safi, kutu kidogo mdomoni. Nilitikisa kile kigurudumu cha risasi, hakikucheza. Mbao za mpini zilikuwa zimepasuka upande mmoja, zikafungwa kwa waya.

Kisha mzee akaleta risasi. Boksi moja lilikuwa limevimba kwa unyevu, na risasi zake zilikuwa fupi, zimefifia rangi. Boksi la pili lilikuwa jipya, risasi ndefu zinazong'aa, alizoletewa na mtu kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, upande wa Kenya. Alinisukumia hilo la pili.

"Mwanangu, chukua hizi," alisema. "Hizi zina nguvu. Mwizi akiisikia tu, hatarudi."

Nilizijaribu. Ziliingia, zikakwama kabla ya kufika mwisho, zikabaki zimechomoza upana wa ukucha. Mzee akasema hilo si tatizo, kuna fundi mjini anaweza kuchimba matundu yawe marefu kidogo. Akasema namba ni hiyo hiyo, thelathini na nane.

Nikageuza risasi, nikasoma kitakoni pake. Nikasoma na pale ubavuni pa bastola. Nilisoma polepole, kwa kidole, kama tulivyofundishwa.

"Namba ndiyo," nikamwambia. "Herufi siyo. Hizi ni za bastola ya aina nyingine."

Alichukua miwani yake, akatazama muda mrefu. Kisha akalifunga boksi jipya bila kubishana. Nikamwaga zile fupi, zenye herufi za bastola ile, kwenye kanga na kuzichambua kama mchele. Zilizoota ukijani niliziacha, na zenye ganda lililobonyea pia. Zikabaki kumi na tisa. Tukapatana bei, nikalipa.

Afisa alipokagua nilimweleza yote, naye akasema zile ndefu, kama ningekubali matundu yachimbwe, zingeweza kunipasukia mkononi. Hizi kuukuu nazo hakuzipenda. Akanipeleka nyuma ya kituo, kwenye kichuguu, akasimamisha debe. Kati ya risasi sita nilizopiga, moja haikulia kabisa. Tatu zilipata debe. Vijana wa polisi waliokuwa wanatazama wakarudi kazini. Aliniandikia leseni, akanielekeza Mwanza kwenye duka la silaha, na huko nikanunua boksi jipya la zile fupi, baada ya kusoma kila herufi.

Shemeji alirudi na wazee wawili wa ukoo. Hoja yao ilikuwa kwamba silaha ni ya ukoo, na akae nayo mwanaume, mimi nitakuwa naiomba nikiwa na shida. Niliwasikiliza mpaka wakamaliza.

"Leseni ina jina langu," nikasema. "Anayeitaka aende akakae mlangoni kwa mwenyekiti kama nilivyokaa mimi."

Hawakunipa ruhusa, wala hawakuichukua. Waliondoka wakiwa wamekasirika, na kwa miezi kadhaa sikualikwa kwenye shughuli yoyote ya ukoo.

Kiangazi wezi walikuja tena, mtoni, saa za kunywesha. Nilipiga moja juu na moja majini mbele yao. Walikimbia na mtamba mmoja tu. Naye namhesabu, sisemi nilishinda kabisa.

Mke wangu alikuwa amesimama kati ya ng'ombe, mtoto mgongoni. Tukiwa njiani alisema, "Mama, na mimi nataka leseni yenye jina langu."

Tulikwenda Tarime wote wawili. Afisa alikataa. Mwezi uliofuata tukaenda tena.