Gari Lilizimika Juu ya Reli, Mama Akiwa Ndani

Gari lilizimika katikati ya reli.

Pembeni yangu alikaa mama. Magoti yake hayamruhusu kushuka mpaka ashikwe mikono yote miwili.

Ndipo nikasikia honi ya treni.

Jamani, hata kuandika haya jasho linanitoka.

Gari lenyewe ni la marehemu baba. La zamani, injini nyuma, halina rejeta, linapozwa na upepo tu. Mimi ni mwanamke mtu mzima niliyeanza ufundi ukubwani, masomo ya jioni. Vijana darasani wananiita Bibi Spana. Sikasiriki.

Gari lilikuwa likikata moto barabarani. Nikajua shida iko kwenye distribyuta, kile kidude kinachogawa moto kwenye plagi. Nikaifungua, nikaisafisha, nikabadilisha platini, vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana ili moto utoke. Nikaliwasha pale uani, likanguruma kama cherehani mpya.

Nikamshukuru Mungu. Nikampakia mama, safari ya kliniki.

Kumbe!

Juu ya reli nikakanyaga mafuta. Likakohoa. Kimya.

Nikawasha, likawaka. Nikakanyaga, likazimika.

"Ngoja mama, litawaka tu hili."

"Shuka, mwanangu."

"Sishuki."

"Mkaidi wewe tangu tumboni! Shuka, nimesema!"

Honi tena. Safari hii taa ya treni nikaiona kwenye kona.

"Ee Mungu, tusaidie." Sala ndefu zaidi ya hiyo sikuwa nayo.

Nikamgeukia mama nimfungue mkanda, nimburute. Mkono mwingine ukazungusha ufunguo kwa mazoea tu. Mguu wa mafuta ulikuwa hewani.

Likawaka. Likabaki limewaka.

Nikaelewa kitu kimoja tu: nikikanyaga, tunakufa.

Gia ya kwanza. Nikaachia klachi pole pole, mafuta sikuyagusa. Gari likaanza kutambaa. Linatambaa kweli, mtoto mchanga angetupita! Mama amefumba macho. Tairi za nyuma zikaruka chuma cha mwisho.

Treni ikapita nyuma yetu. Vioo vyote vikatetemeka.

"Umelowa," mama akasema.

"Ni jasho."

"Haya. Jasho."

Jioni ile mwalimu wetu wa ufundi alifungua distribyuta, akanipa mpira mwembamba unaotoka humo.

"Vuta kwa mdomo, Bibi Spana. Injini huvuta hivyo ukikanyaga mafuta."

Nikavuta. Bamba lililobeba platini likazunguka kidogo, na taa ya kupimia umeme aliyokuwa ameiunganisha ikazimika. Nikaachia. Ikawaka.

Ni kijiwaya kimoja humo ndani. Ngozi yake ya nje nzima kabisa, shaba ya ndani ilikuwa ikikatika kidogo kidogo, na pale relini ikakatika kabisa. Bamba likitulia, ncha zinagusana. Likisogea, zinaachana.

"Kwa hiyo nilikuwa nalizima mwenyewe?"

"Kwa mguu wako."

Kadiri nilivyoogopa, ndivyo nilivyokanyaga.

Nyumbani nikamsimulia mama. Nikamwambia, "Mungu alijibu sala yetu."

Akatikisa kichwa.

"Yako, mwanangu. Mimi nilikuwa namwomba ushuke, uniache."

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikaishika mikono yake yote miwili.

Wenzangu wenye magari ya zamani, msiridhike na gari linalonguruma uani. Lisumbueni kwanza. Likanyageni, lipandisheni mlima, muone linafanya nini likibanwa.

Mimi nililipima likiwa limetulia, kisha nikampakia mama.