Nilimtoa Manolis kwa walio hai bila kuuliza

Wakuu, heshima zenu.

Wale wa "hii chai" piteni kushoto mapema. Ninachoandika nilikifanya mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, na bado kinaniuma.

Niiteni Neema. Kwetu Arusha, nipo Muscat mwaka wa sita sasa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, na nyumba ninayoisimulia ipo huku Al Hail.

Mzee wangu alikuwa bibi wa Kigiriki, Bibi Irini. Miaka themanini na kitu. Macho yameisha nguvu, mdomo hapana. Siku ya kwanza naingia na "good morning" yangu, akageuza uso, "Umelala salama, binti?"

Nilitafuta kiti nikakaa.

Kumbe wakati wa vita vya pili watu wa visiwa vya kwao walikimbia njaa na Wajerumani. Wakavuka kwa viboti hadi Uturuki, wakapandishwa treni, wakagawiwa kwenye makambi, wengine wakafikishwa mpaka Tanganyika. Yeye na mama yake wakaangukia kambi huko huko kaskazini kwetu. Vita vilipoisha wenzao wengi walirudi, wao wakabaki. Mama yake alipata kazi kwenye shamba la mkonge, na bibi akakulia humo na Kiswahili chake.

(Mimi nimesoma Arusha kuanzia la kwanza mpaka form four. Habari ya kambi ile nimekuja kuisikia Uarabuni. Haya.)

Binti yake, madam Katerina, ni injinia hapa, amekulia Ugiriki, Kiswahili hajui hata "maji". Alikuwa anaandaa kitabu cha historia ya wale wakimbizi, kwa ajili ya watoto na wajukuu zao waliotawanyika dunia nzima. Shida ni moja. Akimuuliza mama yake kwa Kigiriki, anajibiwa maneno mawili. Mimi nikiuliza kwa Kiswahili, bibi anafunguka mpaka chai inapoa. Basi nikakabidhiwa laptop.

Kitu kikubwa kilichobaki kilikuwa daftari la marehemu mama yake bibi.

Wagiriki wana desturi hii: kila familia ina orodha ya majina, upande mmoja walio hai, upande wa pili marehemu. Siku ya kuwaombea, padri anasoma majina yote, halafu watu wanapewa ngano iliyochemshwa, ina sukari, zabibu na komamanga. Ukipewa kijiko chako unasema, Mungu awasamehe. Wanaandika jina la kwanza tu, ukoo Mungu anaujua. Kuna watu walikufa kambini kwa homa, na zaidi ya daftari lile hakuna pengine familia inapojua wameandikwa.

Bibi alikuwa nayo yote kichwani. Anataja, naandika, anasimulia. Huyu alikuwa fundi viatu. Huyu alijifungulia melini.

Tulipofika upande wa walio hai, jina la kwanza kabisa lilikuwa Manolis.

"Huyu nani, bibi?"

"Mdogo wangu. Alipotea njiani, stesheni ya treni kule Syria. Alikuwa na miaka mitatu."

Akaendelea na jina la pili.

Wakuu, mimi kimbelembele nimezaliwa nacho. Nikapiga hesabu. Mtoto amepotea vita vya pili, hajaonekana mpaka leo, yuko hai wapi? Nikajua kumbukumbu zinamtoka bibi wa watu. Nikamkata Manolis, nikambandika kwa marehemu. Sikuuliza mtu. Tena nilijiona nimesaidia.

Ijumaa ilikuwa siku ya kuwaombea, tukaenda kanisani (huku Ijumaa ndiyo mapumziko, hata sisi Wakristo tunasali siku hiyo). Padri akachukua karatasi niliyochapa. Bibi kakaa mbele, mikono juu ya mkongojo. Walio hai wakasomwa wakaisha, nikaona kichwa chake kinainuka. Wakaanza marehemu. Katikati padri akasema Manolis.

Bibi hakulia. Nilipomletea ngano akausukuma mkono wangu.

Siku nne hakunisemesha Kiswahili. "Please, water." "Thank you." Bora angenitukana.

Nikakimbilia kwa jirani, Bi Zuwena, mama wa Kiomani ambaye kwao ni Unguja, shoga yake bibi wa kupiga soga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Astaghfirullah! We mtoto, umemzika mtu bila ya idhini ya wenyewe? Mie nna kaka yangu alitoka nyumbani Unguja hajarudi, wala maiti hatujaiona. Mama kila Idi akimwekea sahani yake, mpaka kafa hapa hapa Muscat. Nani angethubutu kuiondoa ile sahani? Nenda kamtake radhi."

Nikaenda nikapiga magoti. "Bibi, nisamehe. Nilidhani umekosea."

Halafu Kiswahili kikarudi.

"Mama aliniambia nimshike Manolis mkono. Mimi nilikuwa na miaka mitano. Mtu akanipa chungwa. Nikamwachia mkono ili nilimenye. Kugeuka, hayupo. Habari ya chungwa mama hakuijua mpaka anakufa. Aliniachia daftari, akasema Manolis usimtoe kwa walio hai. Nikimweka kwa wafu, Neema, nimemuua mimi."

Nililia mimi. Mwaka mzima kila nikimmenyea chungwa ananiambia ana kiungulia, na mimi nakula mwenyewe mbele yake.

Nikamrudisha Manolis mahali pake. Bibi akanituma mambo mawili. La kwanza, habari ya chungwa iandikwe kitabuni, asiondoke nayo. Nilipomtafsiria madam, alimkumbatia mama yake.

La pili, "Nikifa mimi, ndipo umhamishe. Mstari mmoja, mimi na yeye. Usituwekee nafasi katikati."

Alifariki miezi michache baadaye. Alishakataa kusafirishwa, akisema amehama vya kutosha. Amezikwa hapa hapa Muscat.

Arobaini yake (nao wanayo, wakuu, kama sisi) niliichapa orodha mwenyewe. Padri akasoma Irini Manolis kwa pumzi moja, kama jina la mtu mmoja. Nikala ngano yangu nikasema Mungu awasamehe. Na mimi nikajiombea hapo hapo.

Nilichojifunza ni kidogo. Karatasi ya mzee usiisahihishe kabla hujamuuliza, na muulize akiwa bado anajibu.

Kitabu hakijaenda kuchapwa. Kama una babu au bibi kaskazini aliyewahi kukuhadithia kambi ya Wagiriki, shusha hapa chini hata mistari miwili, nitamfikishia madam.

Na kama kuna mtu aliwahi kusikia popote habari za mtoto aliyeokotwa stesheni kule Syria wakati wa vita, wa miaka mitatu, anaitwa Manolis, aandike pia. Najua ni miaka mingi mno. Naomba tu mniulizie.