Nilitafsiri filamu ya Kipolandi kule Mugeta, nikampa mtuhumiwa jina la fundi aliye hai

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimemwahidi fundi seremala mmoja wa Mugeta kwamba nitaliandika jambo hili hadharani, kwa ukamilifu, bila kujipunguzia kosa na bila kulitaja jina lake. Katika mkasa huu nilitoa ahadi mbili. Ya kwanza niliivunja. Hii ya pili nataka niitimize leo.

Sitaongeza chumvi. Mtaona wenyewe kwamba chumvi ndiyo iliyonifikisha hapa.

Mimi ni mzaliwa wa Mugango, mtoto wa wavuvi. Nilisoma chuo, stashahada ya maendeleo ya jamii, nikarudi Musoma nikiamini kwamba watu wakioneshwa maisha ya watu wengine watahurumiana zaidi. Bado naamini hivyo, ila sasa naamini kwa tahadhari.

Pale Mukendo kuna nyumba yenye ukumbi mdogo ambayo majirani huiita "kwa Wapolandi". Wapolandi wenyewe wanaenea kwenye meza moja ya chai. Wengi ni kina mama wazee walioolewa na vijana wetu waliokwenda kusoma kwao enzi zile. Walikuja nao, wakazaa, na waume zao wakazikwa hapa hapa.

Kila Jumamosi alasiri walionyesha filamu za kwao. Mwanzoni ilikuwa kwa ajili ya wajukuu wasiokijua Kipolandi, baadaye kwa yeyote aliyetaka kuingia.

Msimamizi ni Mama Halina, muuguzi mstaafu. Kiswahili chake ni cha Musoma kabisa, na ndiye aliyenichukua niwe msomaji.

"Kwetu filamu ya kigeni inasomwaga na mtu mmoja tu," aliniambia. "Anasoma mwanaume, anasoma mwanamke, anasoma mtoto. Sauti kavu. Halii, hacheki. Anayelia ni yule wa kwenye picha."

Yeye aliandika tafsiri kwenye kaunta buku, mimi nikanyoosha Kiswahili, kisha nikawa nasoma kwenye kipaza sauti.

"Niahidi kitu kimoja, mwanangu. Usiongeze neno."

"Siongezi, mama."

Hapa nitue kidogo. Wakuu, mnajua sisi tumezoea nini. Kwenye mabanda yetu ya video mtafsiri ndiye mfalme. Jambazi wa Korea anabatizwa jina la Kijita, anapigwa ngumi, analalamika kwamba shemeji yake wa Bunda ndiye aliyemponza. Ndiyo raha yenyewe. Mimi msomi niliidharau raha hiyo, nikiiona ni kudanganya watu.

Filamu tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe. Kijiji kimefunikwa na theluji. Ng'ombe wa pekee wa mjane anapotea. Watu wanamshuku seremala, mtu mkimya asiye na ndugu pale kijijini. Wanamkokota hadi kwenye ziwa lililoganda na kumwamuru avuke kwa miguu.

Sehemu ya pili inaonyesha kwamba hakuwa mwizi. Naomba mlishike hilo.

Tulianza kuipeleka nje ya mji. Butiama ilituangusha. Nilisoma kwa sauti kavu kama nilivyofundishwa, na watu wakaondoka mmoja mmoja. Mama mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu anasoma filamu au anasoma matangazo ya vifo?" Wakacheka. Nilirudi Mukendo nikiwa na kidonda moyoni, tena kidonda cha majivuno.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya Mugeta. Mama Halina alikuwa anaumwa goti, hivyo nikaendesha mwenyewe pikapu yake kuukuu, na jenereta na projekta nyuma. Mwenyeji wangu alikuwa Mwalimu Wambura, niliyesoma naye sekondari. Alituombea ghala la pamba lisilo na madirisha, giza lake zuri hata saa tisa mchana.

Nilipokuwa napita senta kutafuta petroli, niliona kibao kilichoandikwa kwa mkono: jina la mtu, na chini yake VITANDA, MILANGO, MAKABATI. Niliendelea na safari. Sikujua kwamba jina lile nimeondoka nalo.

Ghala lilijaa. Dakika kumi hazijapita, maneno yakaanza.

"We mura, hayo majina gani? Unatafuna mawe?"

"Amka bwana, tafsiri! Usitusomee kama karani!"

Nikamwita mjane wa filamu Bibi Nyabweke. Ghala zima likapasuka kwa kicheko. Nikampa mwenyekiti wa kijiji chao jina la utani la wenyeviti wote wa kwetu, wakapiga miluzi. Kaunta buku niliifunga, wakuu. Nakumbuka hata mahali nilipoiweka, juu ya boksi la projekta.

Kisha akatokea seremala akipiga randa ubao. Nilihitaji jina. Lililokuwa karibu na ulimi ni lile la kwenye kibao.

Nililitamka, na kicheko kikakatika.

Watu walikaa kimya kabisa. Mimi nikadhani ni ukimya wa sanaa, kwamba hatimaye nimewagusa. Nikazidisha. Mjane alipomlilia ng'ombe wake nikalia naye kwa sauti ya bibi. Wanakijiji walipomzunguka seremala nikapaza sauti, "Fundi, sema ng'ombe umempeleka wapi!", na nikalitaja lile jina tena na tena.

Maneno hayo hayamo kwenye filamu. Niliyatunga.

Wakati wanamkokota kuelekea ziwani, jenereta ikakohoa na kuzima. Petroli ilikuwa imeisha, na senta hapakuwa na nyingine. Niliomba radhi, nikasema nitarudi siku nyingine kumalizia. Mtu mmoja gizani akasema taratibu, "Basi, imetosha. Tumeshaelewa."

Niliendesha kurudi Musoma nikipiga mluzi.

Jumatatu Mwalimu Wambura akanipigia simu. Hakunisalimu.

"Wewe, fundi wetu ulimjua kabla?"

"Fundi gani?"

Akanieleza. Mwezi ule ule mjane mmoja wa pale Mugeta alikuwa ameibiwa ng'ombe wake wa kulimia. Fundi alikuwa ananong'onwa, kwa kuwa ni mtu wa kuja, mkimya, na siku ya wizi alionekana karibu na zizi akitafuta mti wa kukata. Ilikuwa minong'ono tu. Sasa watu walikuwa wanasema Wazungu wana mitambo, wamemuona, wamekuja kuonyesha. Mtu alikuwa amerekodi picha ile na sauti yangu kwa simu na klipu inatembea kwenye magrupu. Na Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kura.

Kwa msioijua kura hiyo: mkutano wa kijiji unakusanywa, kila mtu anapewa kikaratasi, anaandika kwa siri jina la anayemdhania mwizi. Jina linalojirudia sana linasomwa. Kisheria mtu huyo anakabidhiwa polisi. Lakini kwetu Mara, palipopotea ng'ombe, kuna watu ambao hawajawahi kufika kituoni.

"Wanasema hawatasubiri gari la polisi," Wambura akamalizia.

Niwaambie ukweli kuhusu msomi wenu. Wazo langu la kwanza lilikuwa kuzima simu. La pili, kwenda kwa dada yangu Mwanza. Nililala na mawazo hayo mawili hadi asubuhi ya Jumanne. Nikienda kusema nilitunga, nani atazuia wasinigeukie mimi? Nisipokwenda, kuna mtu atakufa kwa sauti yangu.

Nilimfuata Mama Halina. Nilitegemea anigombeze, na ningefurahi kugombezwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akikanda lile goti.

"Hawajaona mwisho," akasema.

"Hawajaona, mama."

"Basi hawajaona filamu. Nunua petroli. Mara hii ujaze madumu mawili."

Alhamisi tulipita njia ya Butiama, sote wawili. Kila kundi la watu barabarani nililiona limebeba fimbo. Na kweli karibu kila mwanaume kwetu hubeba fimbo, lakini siku ile niliziona kwa mara ya kwanza.

Senta ya Mugeta maduka yalikuwa yamefungwa. Kibao cha fundi kilikuwa kimeng'olewa. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi lake mbele ya karakana, amevaa shati la kanisani, misumeno na randa vimefungwa kwenye gunia miguuni pake.

Nilishuka, nikamsalimia, nikamwambia mimi ndiye wa ile sauti.

Aliniangalia kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Nilifikiri ni mtu mkubwa," akasema.

"Mzee wangu, kwa nini hukuondoka?"

"Nikiondoka wataandika jina langu hata wasiojua kuandika."

Mkutanoni, kamanda wa sungusungu aliniruhusu nisimame. Nilisema kwamba jina nililitoa kwenye kibao, kwamba filamu ni ya nchi ya mbali na ya zamani kuliko umri wangu, kwamba hakuna mtambo wowote.

"Kwa hiyo ulitunga?" kamanda akauliza.

"Nilitunga, mzee."

"Na leo utajuaje kwamba hutungi?"

Nyuma kijana mmoja akapiga kelele, "Amelishwa huyo! Fundi amemlisha!" Fimbo zikaanza kugonga chini, pole pole, kwa pamoja. Mama Halina akanishika mkono kama vile yeye ndiye anayehitaji kushikiliwa.

Aliyetuokoa ni mwenye ng'ombe mwenyewe, yule mjane. Alisimama polepole, akafunga khanga yake vizuri.

"Ng'ombe walikuwa wangu," akasema. "Mimi nataka nione imeishaje. Kura haina miguu, haitakimbia."

Waliingia ghalani wote, na fundi akaletwa, akaketishwa mbele, sungusungu wawili kila upande.

Nilifungua kaunta buku. Nilisoma kwa sauti kavu, majina yale yale magumu ya Kipolandi, hata yaliponikwama. Safari hii hakuna aliyenitania.

Seremala anaingia kwenye barafu. Anatembea hatua chache, anageuka kuwaangalia jirani zake, na barafu inapasuka, inammeza. Hakuna muziki. Watu wa kwenye filamu wanabaki wamesimama ukingoni, hakuna anayesogea, na watu wa ghalani nao hivyo hivyo.

Kisha msimu unabadilika. Theluji inayeyuka, na chini ya korongo, hatua chache tu kutoka zizini, anaonekana ng'ombe. Aliteleza siku ile ile ya kwanza, theluji ikamfunika. Hakuna aliyemwiba. Hakukuwa na mwizi kabisa.

Nilisoma mstari wa mwisho, ambao ni wa mjane wa filamu: "Alinitengenezea mlango, na sikuwahi kumshukuru."

Nilipowasha taa, mjane wa Mugeta alikuwa amejifunika uso kwa khanga. Kamanda alikohoa, akasema kura itapigwa siku nyingine, na kila mtu akaangalie kwanza makorongo.

Walikwenda kuangalia. Ng'ombe hawakuonekana, na mpaka leo hawajapatikana. Kura ilipigwa baadaye na jina la fundi lilitokea, lakini si kwa wingi ule uliokuwa umeandaliwa. Yuko hai. Ila hakuna tena anayeagiza kitanda kwake, na mke wake amepelekwa kwa ndugu zake.

Ningependa kuwaandikia kwamba yaliishia hapo. Wiki iliyopita nilikuwa stendi ya Bunda nasubiri abiria mwenzangu. Muuza vocha akanionyesha kitu kwenye simu yake, anacheka: "Cheki huyu mtafsiri, bro, anavyomchana mwizi wa Mugeta!" Ilikuwa sauti yangu. Hakunitambua. Chini yake mtu alikuwa ameandika jina la fundi, na kijiji.

Nilikwenda kumwambia fundi siku ile ile. Alikuwa anapiga randa mlango ambao hakuna aliyeuagiza.

"Mimi hata simu ya kufutia hiyo kitu sina," akasema bila kunyanyua macho. "Wewe una maneno. Uliyatumia upande ule, yatumie na upande huu. Niahidi."

Nikamwahidi.

Nimejifunza kwamba kuna kazi ambazo uaminifu wake ni kubaki mkavu, na kwamba niliongeza neno kwa ajili ya makofi, si kwa ajili ya watu. Mama Halina bado ameniachia kipaza sauti. Nakishika kwa hofu, na sidhani hofu hiyo itaisha. Mnaofanya kazi ya kutafsiri filamu, nakaribisha mawazo yenu, na mnaotaka kunisema, semeni, nimestahili.

Ila kabla ya kuandika chochote, naomba ufungue simu yako. Ukiwa na klipu ya filamu nyeusi na nyeupe, watu wanamkokota mtu kwenye theluji, na kijana anapiga kelele za Kiswahili, yule ni mimi, na aliyetajwa hakuiba. Usimtumie mtu. Ifute.